Fedha Baina ya Marafiki: Ushauri kwa Atakaye Kumkopesha Mwenziwe Mtaji wa Shirika

Liko swali ambalo wasomaji hawachoki kuliuliza, nalo huletwa na watu wa kila namna: mwalimu aliyestaafu akapokea kiinua mgongo chake, mama muuza nguo aliyevunja kibubu, na ndugu zetu walioko kazini Omani na nchi nyingine za Ghuba, ambao huandikiwa na marafiki wa nyumbani wakiombwa mtaji. Likivuliwa mapambo yake, swali lenyewe ni hili: "Ninayo akiba, na rafiki yangu anao ufundi lakini hana kitu mkononi. Anataka tufungue biashara, nusu kwa nusu, na ile nusu yake nimkopeshe mimi, naye atanilipa kidogo kidogo kutoka katika faida. Je, nimpe?"

Jawabu langu ni kwamba unaweza kumpa. Siungi mkono wale wanaomwonya kila mtu asimkopeshe rafiki, maana karakana na maduka mengi ya miji yetu yasingalizaliwa kama si fedha ya rafiki au ya jamaa, kwa kuwa benki hutaka dhamana ya nyumba au shamba, na fundi kijana aghalabu hana hata kimoja. Walakini yakupasa ujue, kabla hujafungua mkoba, kwamba unaingia katika mikataba miwili kwa siku moja na mtu yule yule: katika wa kwanza wewe ni mwia naye ni mwiwa, na katika wa pili nyinyi ni washirika mlio sawa. Mikataba hiyo ina kanuni mbalimbali, na kwa kadiri nilivyoyaona mambo haya, wengi waliopoteza fedha na urafiki kwa pamoja hawakuwa wamefanyiana hila. Waliichanganya mikataba miwili ikawa mmoja, na hasara ilipoingia kila mtu akashika upande uliomfaa.

Kwanza, amueni fedha hizi ni za namna gani

Fedha inayotoka mkononi mwako kwenda katika biashara ya rafiki yako haina budi kuwa moja ya hizi nne:

- Karadha. Ni deni. Biashara ikisitawi au ikifa, atakurudishia kiasi ulichompa. Hasara ni yake, na faida ni yake.
- Mtaji wako katika shirika. Si deni. Hakuna anayewajibika kukurudishia. Unangoja faida, na hasara ikija unaibeba kwa fungu lako.
- Mudharaba. Wewe unatoa mali yote, mwenzako anatoa kazi yote, na faida mnagawana kwa mafungu mliyokubaliana. Mali ikipotea pasipo uzembe wala hiana yake, umepotelewa wewe na mali yako, naye amepotelewa na jasho lake. Namna hii ni kongwe katika biashara ya Waislamu, na wafanyabiashara wa pwani wameijua tangu enzi za majahazi.
- Hiba. Umempa, basi. Usiidharau namna hii, kwa sababu mara nyingine ndiyo iliyo ndani ya moyo wako, na ni heri kuitamka kuliko kuiita deni ambalo hukusudii kulidai.

Utasema: "Sisi tunaelewana, hatuna haja ya mambo haya." Ngoja nikuoneshe jinsi hasara ile ile inavyoweza kumwangukia huyu au yule kwa jinsi mlivyoamua, au msivyoamua, siku ya kwanza.

Mfano wa karakana

Chukulia kuwa rafiki yako ni seremala hodari mjini Tanga, na karakana mnayotaka kuifungua inahitaji shilingi 8,000,000 kwa mashine ya randa, msumeno wa umeme, mbao za kuanzia na kodi ya miezi sita. Mnaanza, lakini baada ya mwaka mambo hayendi, mnauza kila kitu, na mkononi zinabaki shilingi 6,000,000, yaani hasara ni shilingi 2,000,000.

- Kama zote nane zilikuwa *karadha*, fundi anadaiwa 8,000,000. Anakupa zile sita, na mbili atazitafuta kwingine. Wewe hukupoteza kitu.
- Kama ilikuwa *mudharaba*, unachukua zile sita, na mbili zimekupotea wewe. Fundi hadaiwi hata senti.
- Kama ulitia 4,000,000 kwa fungu lako na 4,000,000 *ulimkopesha* fundi kwa fungu lake, basi kila fungu limerudi 3,000,000. Fungu lako umelipokea na upungufu wa milioni moja; fundi naye amepokea 3,000,000 huku deni lake kwako ni 4,000,000, zikitolewa alizokwisha kulipa. Kila mmoja amepoteza milioni moja.

Hasara ni moja, lakini kwa fundi ni milioni mbili, au hakuna, au milioni moja. Sasa waweke watu wawili ambao hawakuamua lolote siku ya kwanza, halafu uwaulize siku ya kuuza mashine nani amepotelewa na nini. Fundi ataapa kwamba ilikuwa mali ya shirika, na mali ya shirika imekufa na shirika. Mwenye fedha ataapa kwamba ilikuwa deni, na deni halifi. Wote wawili watakuwa wakisema kweli kama walivyoielewa, na hapo ndipo penye msiba, kwa kuwa hakimu akitafuta mwongo kati yao hampati.

Kwa wengi wanaouliza, ushauri wangu ni kwamba wapime mudharaba kabla ya kukimbilia nusu kwa nusu ya mkopo. Ikiwa rafiki yako kweli hana chochote cha kupoteza, kumfanya mwiwa wa milioni nne hakumpi milioni nne. Kunampa mzigo, nawe kunakupa matumaini ya karatasi. Lakini ikiwa yeye mwenyewe anataka siku moja awe na nusu ya karakana kwa haki yake, karadha ndiyo njia, na yanayofuata ni kwa ajili ya njia hiyo.

Kabla hujasema ndiyo

Jiulize haya ukiwa peke yako, usiku, bila yeye kuwapo:

1. Fedha hizi zikipotea zote, je, ada za shule, kodi ya nyumba na dawa za mzazi zitalipwa? Ikiwa jawabu ni hapana, usiendelee kusoma, kataa.
2. Je, mwenzi wako wa ndoa anajua? Deni lililofichwa mke au mume huzaa ugomvi wa pili siku ugomvi wa kwanza unapotokea.
3. Je, rafiki huyu amewahi kukopa kwa mtu mwingine, na alilipaje? Waulize kwa adabu wanaomjua kazini. Ucheshi wa barazani hauoneshi mtu anavyolipa.
4. Je, unaweza kuvumilia kumwona amevaa kanzu mpya siku ya Idi ilhali bado anakuomba muhula? Swali hili laonekana dogo, lakini urafiki mwingi hukwaruzika hapa, kabla fedha yenyewe haijapotea.

Kisha muulize yeye, na umsikilize bila haraka: ana madeni gani mengine, wateja wake ni akina nani kwa majina ya kazi alizokwisha kufanya, mbao atanunua wapi na kwa bei gani, na akiugua mwezi mmoja, nani atashika kazi. Mtu anayeijua kazi yake hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, umejifunza jambo kwa bei nafuu.

Namna ya kukataa

Wako watu waliotoa fedha si kwa kuwa walitaka, bali kwa kuwa hawakujua maneno ya kukataa. Usimpige chenga, usimwambie "nitaangalia" kwa miezi mitatu, wala usisingizie kwamba fedha zimekwama, maana mwenye shida hukaa akitegemea. Mwambie: "Mwenzangu, nimelitafakari jambo lako kwa nia njema, na nimeona siwezi kuingia katika biashara hii. Si kwa kukudharau, ni kwa hesabu za nyumba yangu. Ila ninaweza kukusaidia hivi." Kisha umsaidie kwa kitu kidogo ambacho hutakidai: umnunulie chombo kimoja cha kazi, au umpeleke kwa mteja unayemjua.

Andikeni, na muandike karatasi mbili

Hapa ndipo wasomaji wengi wanaposita. "Nikimtolea karatasi ataona simwamini." Nami nasema kwamba karatasi haina uhusiano na imani, ina uhusiano na kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu mwaminifu huchakaa sawasawa na ya mtu mwongo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, haizungumzii vita wala ibada. Inazungumzia deni la muhula, na inawaagiza waumini waliandike, aweko mwandishi mwadilifu, na waweko mashahidi. Waumini hao walikuwa wakiaminiana, na juu ya hivyo waliagizwa. Wazee wetu nao wakasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ikiwa unaona haya kuanza, anza hivi: "Tuandike, ili nikifa mimi watoto wangu wasikuonee." Hakuna rafiki atakayekataa maneno hayo, tena ni ya kweli.

Karatasi ya kwanza ni hati ya deni, baina yako na yeye kama watu wawili, bila kutajwa faida ya karakana. Itaje:

- majina kamili na namba za vitambulisho;
- kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno;
- siku ya kutolewa fedha na njia iliyotumika;
- muhula: kila mwezi kiasi gani, kuanzia tarehe gani, hadi lini;
- sentensi inayosema wazi kwamba deni litalipwa hata kama biashara itapata hasara au kufungwa. Sentensi hii ndiyo roho ya hati, na ikikosekana, nyingine zote ni mapambo;
- saini zenu na za mashahidi wawili ambao si jamaa wa upande mmoja.

Karatasi ya pili ni mkataba wa shirika. Humo andikeni kila mmoja ametia nini na fungu lake ni kiasi gani, nani anafanya kazi kila siku na ujira wake, nani anashika fedha na nani anaandika daftari, jambo gani haliwezi kufanywa bila saini za wote wawili, na namna ya kuachana. Washirika wengi huandika kwa furaha namna ya kuanza, wakaona kisirani kuandika namna ya kuachana. Lakini shirika lisilo na mlango wa kutokea huvunjwa ukuta.

Hati hizi zina ushuru wa stempu, Tanzania na Kenya pia, na isiyolipiwa inaweza kukataliwa kuwa ushahidi mahakamani mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini yake. Ni gharama ndogo; ilipe mapema. Na ikiwa kiasi ni kikubwa kwako, mpe wakili azisome kabla hamjatia saini.

Juu ya riba

Wengine huuliza kama inafaa kuongeza kitu juu ya deni kwa sababu ya kungoja. Kwa Mwislamu jambo hili limekwisha: ni riba, na ni haramu, hata mkiliita zawadi. Kwa asiye Mwislamu sheria ya nchi haimkatazi, lakini namshauri aiache, kwa sababu yeye tayari ni mshirika, na faida yake ataipata katika fungu lake. Akichukua faida ya karakana kwa mkono mmoja na nyongeza ya deni kwa mkono wa pili, fundi atahesabu siku moja, na siku hiyo ataanza kujilipa mwenyewe kutoka sandukuni.

Rehani na mdhamini

Rehani kwa rafiki si aibu. Itafuteni katika vile vilivyonunuliwa kwa fedha ile ile: mashine ya randa iandikwe kwamba fungu la fundi ndani yake ni rehani ya deni lake mpaka amalize. Jiepushe na rehani ambayo hutakuwa na moyo wa kuichukua. Ukiwekewa nyumba wanamolala watoto wake, utashindwa kuidai na utashindwa kuisahau.

Mdhamini naye awe mtu mwenye kipato, aliyeisoma hati na kutia saini kwa hiari yake. Mjomba aliyesema "mimi nipo" harusini si mdhamini.

Namna ya kuzitoa fedha

Usizitoe zote kwa mara moja, wala usizitoe taslimu mkononi usiku.

- Mashine mkainunue wote wawili, na stakabadhi iandikwe jina la shirika.
- Fedha za mbao zitoke kwa mafungu, kila fungu baada ya stakabadhi za fungu lililotangulia.
- Tumia benki au fedha za simu, ambazo huacha alama. Mtumie ujumbe siku hiyo hiyo: "Nimekutumia kiasi fulani, sehemu ya karadha ya hati yetu ya tarehe fulani," naye akujibu kwamba amepokea. Ujumbe huo usiufute, na ukibadili simu uuhamishe.
- Akikulipa taslimu, muandikie stakabadhi, hata kama ni shilingi elfu kumi. Stakabadhi inamlinda yeye, na mwiwa aliyelindwa hulipa kwa moyo mwepesi.

Ujira, faida na deni visilale kitanda kimoja

Kosa ninaloliona kuliko mengine ni kupanga malipo ya deni bila kuuliza mwiwa atakula nini. Turudi Tanga. Chukulia kuwa karakana, baada ya kutoa mbao, kodi na umeme, inabakiwa na shilingi 500,000 kwa mwezi. Washirika wengi wangezigawa hapo hapo, 250,000 kwa kila mmoja, na fundi akatakiwa alipe deni kutoka katika hizo. Lakini angalia insafu yake: fundi amesimama kutwa penye vumbi la mbao, wewe hukuwapo, na mmepata sawa. Hatasema kitu mwezi wa kwanza, wala wa pili. Mwezi wa tano atafanya kazi moja ya nje kwa mbao za karakana, na moyoni mwake hatauita wizi.

Mtengee ujira kwanza, tuseme 200,000. Zinabaki 300,000, ambazo ndizo faida, na kila mmoja anapata 150,000. Katika hizo akulipe 80,000. Hivyo anakwenda nyumbani na ujira wake pamoja na 70,000, anaishi, na deni linalipika. Sasa gawanya: 4,000,000 kwa 80,000 ni miezi hamsini, yaani miaka minne na miezi miwili, na hiyo ni kama hakuna mwezi mbovu hata mmoja. Ukiona muda huo ni mrefu kupita uvumilivu wako, tatizo si fundi. Tatizo ni kwamba mkopo huu haukufai, na ni heri ujue leo. Unaweza pia kupanga malipo kwa msimu, yaongezeke kabla ya Idi na wakati wa harusi, watu wanapoagiza vitanda na makabati, na yapungue miezi ya ukame.

Yaliyobaki ya sanduku ni haya:

- Arbuni ya mteja si faida. Mteja akitanguliza nusu ya bei ya kabati, fedha ile ni mbao ambazo hazijanunuliwa na kazi ambayo haijafanywa. Ikitumika kulipa deni lako, mmemkopa mteja bila ruhusa yake, na karakana nyingi za mafundi hodari zimekufa kwa ugonjwa huu mmoja.
- Deni lisilipwe kutoka sanduku la shirika. Faida igawanywe, iandikwe, fundi aishike mkononi, kisha akulipe. Unaweza kuona ni mzunguko wa bure, lakini ndio unaotenga daftari mbili.
- Wewe nawe usichukue meza ya bure kwa ajili ya nyumba yako ukasema "tutahesabu." Lipa bei, au iandikwe.
- Kaeni mara moja kwa mwezi, siku maalumu, mkiwa na daftari wazi. Siku hiyo semeni habari za fedha, na siku nyingine muwe marafiki. Usimdai msibani, wala mbele ya watoto wake.

Sheria inasema nini mkinyamaza

Msipoandika mafungu yenu, sheria itawaandikia, nayo haimjui aliyetoa zaidi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, ambayo kwa asili imefuata sheria ya India ya 1872, huwahesabu washirika wasiopatana vinginevyo kuwa ni sawa katika faida na sawa katika hasara. Na Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890 inasema vivyo hivyo. Aliyetia milioni nane na aliyetia mikono mitupu watagawana nusu kwa nusu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika shirika la kawaida kila mshirika hudaiwa madeni ya shirika mpaka kwenye mali yake mwenyewe. Fundi akichukua mbao za milioni tatu kwa mkopo kwa jina la karakana, muuza mbao anaweza kuja kwako, hata kama hukuwahi kumwona. Wala msidhani kwamba kusajili jina la biashara, kwa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, au kwa msajili wa Kenya au wa Zanzibar, kunawakinga. Jina ni jina tu. Kinga hutokana na kampuni yenye dhima ya kikomo, au Kenya pia na ubia wa dhima ya kikomo chini ya sheria ya 2011. Ikiwa biashara yenu itakopa bidhaa, muulizeni wakili habari hizi kabla, si baada.

Je, ukitaka kubaki mkopeshaji tu? Basi uwe mkopeshaji kweli: usitie saini kwa niaba ya karakana, usiwaagize wateja, jina lako lisiwe kibaoni. Anayejionesha kwa watu kuwa ni mshirika anaweza kuhukumiwa kuwa ni mshirika.

Akichelewa

Kwa mwezi wa kwanza usifanye lolote ila kuuliza hali. Mwezi wa pili ukipita, mwendee, usimpigie simu. Keti naye penye karakana, fungueni daftari, mtafute kama kilichokosekana ni fedha au ni nia. Tofauti huonekana. Asiye na fedha hukuonesha daftari na huzungumzia wateja. Asiye na nia huzungumzia urafiki.

Akiwa katika dhiki ya kweli, mpe muhula. Aya ya 280 ya sura ile ile inamtaka mwia amngojee mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Lakini kumngojea mtu si kuacha kuandika: muhula mpya uandikwe kwa maneno mafupi, naye atie saini kwamba anakiri deni lililobaki ni kiasi fulani. Saini hiyo ina faida ambayo wengi hawaijui. Madai ya mkataba, Tanzania Bara na Kenya, hufa baada ya miaka sita, na maungamo ya deni yaliyoandikwa na kutiwa saini kabla ya muda huo kwisha huanzisha hesabu upya.

Akiwa na fedha na hataki, fuata daraja hizi, wala usiruke hata moja:

1. Mzee au mtu anayeheshimiwa na nyote wawili, mbele ya hati.
2. Barua ya madai yenye siku maalumu, ikipelekwa na shahidi.
3. Mdhamini na rehani, kama vilivyoandikwa.
4. Mahakama. Kenya iko mahakama ya madai madogo, iliyoanza kazi 2021, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na itakiwayo kuamua katika siku 60. Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo huendesha mambo yake kwa Kiswahili. Mtu wa Mombasa asipoteze siku zake kwa kadhi kwa ajili ya deni la biashara: katiba ya Kenya ya 2010 imempa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, si madeni ya karakana.

Usimtangaze katika kundi la simu la mtaa. Utamvunjia jina ambalo ndilo mtaji wake wa kupata wateja, na wateja hao ndio ambao wangalikulipa.

Mauti

Hili hutajwa kwa uzito, lakini litajwe. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali yake kabla warithi hawajagawana, na ndivyo sheria ya mirathi ya Kiislamu ilivyo na ndivyo sheria za nchi zilivyo. Kwa hiyo nakala ya hati isikae kwako peke yako. Ajue mkeo au mwanao mkubwa iliko, na rafiki yako naye amjulishe wake. Mkiwa wawili tu mnaojua, na mmoja akatangulia, aliyebaki atasimama mbele ya wafiwa akidai fedha ambazo hawakupata kuzisikia, na watamwona mnyang'anyi hata akiwa ni mkweli kupita wote waliomo nyumbani mle.

Kadhalika shirika lenyewe: kwa kawaida ya sheria za shirika tulizozitaja, kufa kwa mshirika mmoja huvunja shirika, isipokuwa kama mmeandika vinginevyo. Andikeni kama mjane au watoto wataendelea na fungu, au watalipwa thamani yake, na nani ataikadiria mashine na mbao, na kwa muda gani.

Siku deni linapokwisha

Malipo ya mwisho yasipite kimya kama malipo ya kawaida. Waiteni mashahidi wale wale, muandike kwamba deni la hati ya tarehe fulani limelipwa lote na hakuna anayedai, mtie saini nyote wawili. Andikeni vilevile kwamba fungu la fundi katika mashine si rehani tena. Kisha mtazame upya mkataba wa shirika, maana umeandikwa wakati mmoja wenu alikuwa mwiwa, na yamkini yamo masharti, kama vile saini yako kuhitajika kwa kila manunuzi, ambayo yalikuwa ya haki wakati ule na sasa hayana sababu. Kama kuna mmoja anayetaka kutoka, siku hiyo ndiyo njema ya kulisema, ilhali daftari ni safi na fungu la kila mtu linajulikana: mashine na mbao zikadiriwe na fundi wa nje asiye na haja na yeyote, na anayebaki apewe miezi ya kumlipa anayeondoka, kwa hati mpya.